Kama ya Waingereza, Walakini ya Waswahili

Wazungumzaji wa Kiingereza wana neno dogo la mazungumzo, iffy, ambalo ni nadra kulikuta katika hukumu za mahakama au katika mikataba ya mataifa, lakini halikosekani jikoni, dukani, kazini na hata hospitalini. Maziwa yaliyosahauliwa nje ya jokofu usiku kucha ni iffy. Mbingu iliyotanda mawingu ambayo hayajulikani kama yatamwaga au yatapita ni iffy. Goti la mchezaji aliyeumia mwezi uliopita na anayetakiwa uwanjani Jumamosi ni iffy. Muuzaji wa simu asiye na duka wala risiti naye ni iffy, na bei yake iliyo chini kupita kiasi pia. Wamarekani wameliendeleza mbele zaidi: mtu ambaye hajakata shauri aende harusini au abaki nyumbani husema kwamba yeye mwenyewe yuko iffy juu ya safari hiyo.

Umbo la neno ni jepesi kulifungua. Ndani yake mna if, ambayo kwa Kiswahili ni kama, ikiwa, iwapo au endapo, au ile -ki- ndogo inayojificha katikati ya kitenzi. Mwishoni imepachikwa y, kiambishi kile kile kinachoigeuza chumvi kuwa sifa ya kitu chenye chumvi na mchanga kuwa sifa ya mahali penye mchanga. Kitu kilicho iffy, basi, ni kitu chenye kama ndani yake. Ajabu iko hapo. Chumvi huonjwa na mchanga hushikwa, ama kama haionjeki wala haishikiki. Kazi yake katika sentensi ni kufunga mlango mmoja mpaka mlango mwingine ufunguliwe. Waliolitunga neno walifanya kama kwamba shaka ni ungaunga unaoweza kunyunyizwa juu ya kitu, kwa wingi au kwa uchache. Ndiyo maana kwao kuna kilicho iffy kidogo, kilicho iffy zaidi, na kilicho iffy kuliko vyote.

Kamusi zinaipa tarehe ya kuandikwa kwake mwaka 1937, na zinalihusisha na Franklin D. Roosevelt, rais wa Marekani tangu mwaka 1933 hadi kifo chake mwaka 1945. Roosevelt alikuwa na desturi ya kuwaita waandishi wa habari ofisini mwake, kiasi cha mara mbili kwa wiki, wakamzunguka wakiwa wamesimama na yeye ameketi mezani pake. Mtangulizi wake, Herbert Hoover, alitaka maswali yaandikwe na kuletwa kabla. Roosevelt aliliondoa sharti hilo siku ya mkutano wake wa kwanza, tarehe 8 Machi 1933, siku nne tu baada ya kula kiapo, lakini papo hapo akaweka sharti lake: maswali ya if hatayajibu. Ukimwuliza atafanya nini kama benki hazitafunguliwa, au kama taifa fulani litafanya hivi, jibu hupati. Maswali ya namna hiyo yakapata jina, na jina likawa iffy. Kwa hiyo neno lilizaliwa mdomoni mwa mtawala aliyekataa kusema, na hilo si jambo la kupita bila kulitazama. Mwenye madaraka anajua kwamba kama ni mtego. Akiijibu leo, kesho itamrudia bila ile kama, ikiwa ahadi kamili au vitisho kamili.

(Miaka hiyo hiyo ya 1930 gazeti la Detroit Free Press lilikuwa na safu ya michezo iliyoandikwa kwa jina la Iffy the Dopester. Aliyejificha nyuma ya jina hilo alikuwa Malcolm Bingay, mhariri. Wapenzi wa michezo hawakuhitaji rais kufundishwa kwamba ubashiri wote umejaa kama.)

Sifa ya if kama kinga ni ya zamani kuliko Marekani yenyewe. Shakespeare, katika sehemu ya mwisho ya tamthilia yake As You Like It, anamweka mchekeshaji Touchstone aeleze jinsi ugomvi unavyoweza kuzimwa kwa if moja tu: kila mmoja wa wagomvi akitanguliza if mbele ya maneno yake, hapana aliyesema uongo na hapana aliyetukanwa, na wote wawili wanaweza kurudisha panga alani. Waswahili wa mwambao, ambao majibizano yao ya mashairi yamejaa "kama ndiwe niliyekusudia" na "kama si wewe, halikuhusu", watamwelewa Touchstone bila mkalimani.

Lilipovuka bahari na kukaa Uingereza, neno lilipata harufu. Marekani lilisema zaidi juu ya jambo lisilojulikana litaishaje. Uingereza lilianza kusema pia juu ya jambo linalonuka kidogo: hesabu zisizoeleweka, gari lililobadilishwa namba, mtaa usiofaa kupitwa usiku, samaki ambaye jicho lake limeanza kuingia ukungu. Na Waingereza, kwa tabia yao ya kupunguza, hulitanguliza na kijineno cha maana ya "kidogo". Kupunguza huku kuna kanuni yake, na asiyeijua atapotea. Mwingereza akisema jambo ni iffy kidogo, huenda amekusudia kidogo kweli, na huenda amekusudia ukimbie. Hakuna sarufi inayofundisha tofauti hiyo. Hujulikana kwa nyusi, kwa sauti, na kwa kimya kinachofuata.

Mama mmoja wa Unguja, aliyewafuata watoto wake Uingereza akiwa amekwisha kuvuka miaka sitini, alipelekwa kupigwa picha ya kifua kwa ajili ya kikohozi kilichokataa kuisha. Mwanawe wa kiume alikwenda naye ili awe ulimi wake. Kijana alikuwa ameishi huko miaka kumi na mitano, na neno iffy alilitumia kila wiki juu ya maziwa na magari ya mtumba. Daktari, mtu mpole na mwenye haraka, aligeuza kioo cha kompyuta, akaweka ncha ya kalamu juu ya doa dogo upande wa kulia, akasema kwamba hapo panaonekana iffy kidogo na kwamba angependa picha nyingine, kubwa zaidi, baada ya siku kumi.

"Kasemaje, mwanangu?"

"Anasema, mama, hapa pana mashaka kidogo."

"Mashaka gani tena, baba?"

Kijana hakukosea kwa kamusi. Mashaka ni wingi wa shaka, na maofisini watu hutilia mambo mashaka kila siku. Lakini kwa mama yule, na kwa wengi wa rika lake visiwani, mashaka ni dhiki, ni taabu, ni yale yanayomkuta mjane asiye na mtu au baharia aliyevunjikiwa na chombo. Mtu haoni mashaka kwenye picha ya kifua chake akalala usingizi. Usiku ule alimpigia simu dada yake Ng'ambo, akamwambia ameonekana na mashaka ya kifua. Dada aliwaambia wa nyumbani kwamba kifua kimeharibika. Kufika Ijumaa palikwisha somwa Yasini, na mpwa mmoja aliyeko Muscat alikuwa ameuliza, kwa heshima zote na kwa sauti ya chini, kama maiti inaweza kusafirishwa au huzikwa huko huko.

Doa lilikuwa kovu. Kifua kikuu cha utotoni, ambacho hakuna aliyekumbuka kwamba aliwahi kuugua, kilipona chenyewe na kuacha alama yake. Mama aliposikia alisema, "Kumbe kovu. Sasa hayo mashaka aliyaona wapi?"

Swali hilo ni zito kuliko lilivyosikika. Mashaka yalikuwa wapi? Kwenye pafu hayakuwapo. Pafu lilikuwa na kovu tangu zamani, na halikuwa na shaka lolote juu yake. Mashaka yalikuwa kwa daktari. Hapo ndipo iffy inapofanya kazi yake ya ujanja: inakichukua kile asichokijua msemaji na kukibandika juu ya kitu kinachosemwa. Daktari hakusema "sijui". Alisema pafu ndilo lenye kama. Hili si kosa la daktari yule peke yake, maana lugha nzima imempa mlango huo na kila mtu hupita humo. Lakini mfasiri akifika mlangoni, hana budi kuchagua: ama aiache shaka juu ya kitu, kama Mwingereza alivyoiweka, ama airudishe kwa mwenyewe. "Daktari bado hana yakini na anachokiona" ingekuwa tafsiri iliyoliacha umbo la neno na kuushika ukweli wake. Dada wa Ng'ambo angepata maneno ya kumwombea daktari badala ya kumsomea mgonjwa.

Hata hivyo si kweli kwamba Kiswahili hakina neno la kujibizana na iffy. Kinalo, na limefinyangwa kwa ufundi ule ule. Waarabu walileta wa na lakin, mbili zilizoungana zikawa walakini, kiunganishi cha maana ya "lakini, hata hivyo". Kwa muda Waswahili walikitumia kama kilivyokuja. Kisha wakakifanya jina. Jambo likawa na walakini. Mtu akawa na walakini yake. Mkataba uliopendeza mbele ya macho ukarudishwa kwa sababu ulikuwa na walakini. Lakini yenyewe, bila wa, nayo imefuata njia hiyo hiyo katika vinywa vya wengi. Kama Mwingereza alivyochukua if akaifanya sifa, ndivyo Mswahili alivyochukua "but" yake akaifanya kitu kinachomilikiwa. Watu wawili wasioonana, kila mmoja kwake, wameokota kipande cha chuma kilichotakiwa kuunga mbao, wakakitia mfukoni na kukiita jina.

Pamoja na ndugu hao kufanana, kila mmoja ana tabia yake. If inatazama mbele: mlango haujafunguliwa, tungoje. Walakini inatazama nyuma: sifa zimekwisha kutajwa zote, mtu amesimama akingoja kusema amina, ndipo neno lile linaingia. Maziwa yaliyo iffy pengine ni mazima. Maziwa yenye walakini yamekwisha kuanza kuchacha, na anayesema hivyo amekwisha kunusa. Ndiyo maana walakini isingemfaa kijana yule hospitalini. Ingekuwa kali zaidi ya mashaka.

Mahali pa walakini hasa ni penye posa. Wazee wa upande wa mke wanapotuma mtu kuuliza habari za mposaji, hawatumi mtu wa kuuliza maswali ya ndiyo na hapana. Humtuma mtu mzima anayejua kukaa barazani, akapiga soga za bei ya karafuu na za marehemu waliopita, kisha akaligusa jina la kijana kama aliyelikumbuka tu. Jirani naye anajua anachoulizwa. Huanza na sifa: kijana ana adabu, anasali, kazi anayo, mama yake mtu wa watu. "Walakini..." Hapo hunyamaza, akaipiga tasbihi yake punje moja au mbili, akauliza habari za mvua. Kilichobaki hakisemwi. Mjumbe hurudi nyumbani na posa haijibiwi, na mwaka mzima kijana hajui ni nini kilichomfunga. Laiti jirani angesema kosa, kijana angeweza kulikana, kulieleza au kulitubia. Walakini isiyo na sentensi baada yake haina pa kujibiwa, na katika miji midogo ya visiwa, ambako kila mtu ni shemeji wa mtu, imewahi kuwafanya watu waondoke kwao.

Wanazuoni wa mwambao walikuwa waangalifu zaidi kuliko majirani. Darasani, msikitini, riwaya ya hadithi ilipowekwa kwenye mizani, haikutosha kusema kwamba ina walakini. Iliitwa sahihi, au hasani, au dhaifu, na mwenye kuiita dhaifu alitakiwa aoneshe ni kiungo gani katika mnyororo wa wapokezi kilichomtia shaka: huyu hafidhi vizuri, huyu hakukutana na yule anayedai kumsikia. Shaka ilipewa anwani. Mitaani leo kuna maneno mengine, mengi na yenye ladha. Magumashi ni ya Bara na yanasema juu ya mambo ya ujanja ujanja. Kuchakachua kulikuwa kwa mafuta ya gari yaliyotiwa mafuta ya taa, mpaka mwaka wa uchaguzi wa 2010 Tanzania nzima ikajikuta inalitumia juu ya kura na kila kitu. Maneno haya yana nguvu, ila hayana nusu. Yamekwisha hukumu. Iffy bado imekaa kizimbani.

Kwa nusu ile, kwa ule wakati ambapo hukumu haijatoka, Kiswahili kina maneno ambayo mshairi huyajua kuliko mfasiri wa ofisini, na yaliyo kongwe kati yake yana historia ya kuchekesha. Labda, ambayo leo ni neno la kwanza la mtu asiyejua, imetoka kwa la budda ya Waarabu, na la budda maana yake ni kwamba hapana namna, ni lazima. Ni ile ile budi ambayo Waswahili waliibakiza katika "sina budi" na "hapana budi", na ambayo haitembei bila kikanushi chake. Chimbuko moja limetoa matawi mawili: hapana budi, yaani ni lazima kabisa, na labda, yaani Mungu anajua. Njia iliyolifikisha neno huko si vigumu kuikisia. Anayesema "lazima atakuwa amekwisha fika" hajamwona aliyefika. Anamdhania, na kwa kuwa anadhania hukaza sauti. Neno la yakini likitumiwa sana na watu wanaokisia, mwisho husikika kama kukisia.

Pengine ni ya Kibantu na ni ya mahali: pa-ingine, pahali pengine. Mwenye kusema "pengine atakuja" amesema, kwa asili ya neno, kwamba kuna mahali pengine ambapo kuja kwake ni kweli, ila si hapa aliposimama yeye. Huenda ni kitenzi kitupu, hu- ya mazoea na enda, mambo huenda yakawa. Yamkini ni ya Kiarabu na ina majivuno kidogo. Hupenda kukaa hotubani. Asaa imezeeka, haisikiki sokoni, lakini watunzi hawajaiacha, kwa sababu pamoja na shaka ina matumaini ndani yake. Mtu hasemi asaa juu ya jambo analoliogopa. Laiti, dada yake, hulia juu ya lililokwisha kupita.

Maneno haya hayabandikwi juu ya vitu. Hakuna anayesema pafu la pengine, wala samaki wa huenda. Yote hukaa mlangoni mwa sentensi na kuliacha jambo zima liingie likiwa limefunikwa, na hapo wanaosema kwamba Kiswahili kinahitaji kuazima iffy, kama kilivyoazima mengine, wangefanya vyema kungoja. Lugha inayoitia shaka sentensi nzima na lugha inayokitia shaka kitu kimoja zinatofautiana katika swali la nani ajibu kwa asichokijua.

Mtunzi, hata hivyo, haanzi na swali hilo anapokaa na kalamu yake. Anaanza na mizani. Mstari una kumi na sita, nane na nane, na kina cha kati kimekwisha kumfunga. Pengine ni tatu, huenda ni tatu, asaa ni tatu. Yamkini ni nne na inambana. Labda, ikitamkwa kama inavyotamkwa dukani, inayumba kati ya mbili na tatu, na msomaji mwenye sikio atamshitaki. Basi anarudi kwa wazee waliotangulia, anaitia ile irabu iliyodondoka njiani baina ya Uarabuni na sokoni, anaandika labuda, na kipande kinatimia nane.